Mparachichi Umejaa Maua, Matunda Hakuna: Anza na Kilichoanguka Chini

Kila kipupwe kinapoanza kuondoka na miparachichi ya Goba, Kimara na Chanika, hapa Dar es Salaam, kuanza kuchanua, simu yangu hujaa picha. Picha ni ileile: mti umejitanda maua ya kijani-njano mpaka majani yamepotea. Na ujumbe ni uleule: "Kaka, mwaka jana ulichanua hivihivi, haukubakiza hata tunda moja. Jirani anasema huu ni dume. Niukate?"

Usiukate. Jirani yako anauchanganya na mpapai, ambao kweli una dume na jike. Mparachichi hauna dume. Kila ua lake, hata lile lililoanguka kwenye ndoo ya maji, lina sehemu ya kike na ya kiume pamoja. Wapo pia watakaokushauri uupigilie misumari, au uende alfajiri na panga ukautishie. Tabata nimewahi kuukuta mti una misumari saba shinani, yote imeshika kutu. Ilichofanya ni kuufungulia ukungu mlango.

Kabla ya yote, jua hesabu ya mti huu ilivyo. Mparachichi mkubwa unaweza kutoa maua milioni moja na zaidi kwa msimu mmoja, na ukikupa matunda 200 au 300 yaliyokomaa, umekutendea haki. Yaani katika maua elfu moja, hata moja halifiki kuwa tunda. Kwa hiyo maua kumwagika kama mvua si ugonjwa. Unachotafuta ni hiki: nini kinaanguka, kina ukubwa gani, na lini.

Tandika kanga kuukuu chini ya mti, uiache siku tatu. Kisha okota kilichomo, ukipange mezani. Kuna maua matupu? Kuna vitunda vya ukubwa wa choroko? Njegere? Gololi? Kila ukubwa una kesi yake.

Kanga imejaa maua matupu, hakuna hata punje

Hapa uchavushaji haukufanyika. Na kuelewa kwa nini, lazima uujue mchezo wa ua la mparachichi, maana si wa kawaida.

Ua hili hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza ni la kike: ukilisogelea utaona kijiti kimoja chembamba cheupe kimesimama katikati, na vijiti tisa vya chavua vimelala nje kama watu waliojinyoosha mkekani. Linakaa hivyo saa chache, halafu linafunga. Siku ya pili linafunguka tena, safari hii la kiume: vijiti vya chavua vimesimama, vimefungua vifuniko vyake vidogo na unga wa njano umejitokeza, huku kile kijiti cha kati kimeanza kusinyaa na kuwa kahawia. Likifunga mara hiyo, basi.

Sasa tatizo. Maua ya mti mzima hufuata saa moja. Yakiwa ya kike, karibu yote ni ya kike; yakigeuka kiume, karibu yote yamegeuka. Na aina za maparachichi zimegawanyika makundi mawili. Kundi A hufunguka kike asubuhi, kisha kiume alasiri ya siku inayofuata. Kundi B hufunguka kike alasiri, kisha kiume asubuhi ya siku inayofuata. Ukiwa na A na B jirani, asubuhi B anatoa chavua wakati A anaihitaji, na alasiri wanabadilishana. Hass, Pinkerton, Reed na Simmonds ni A. Fuerte, Ettinger, Pollock na Booth 7 ni B. Maparachichi yetu ya mbegu, yale ya kokwa lililotupwa nyuma ya jiko likaota, hayana jina, lakini kila mmoja una kundi lake.

Kulijua hakuhitaji mtaalamu. Chagua siku yenye jua, maana asubuhi ya mawingu na ubaridi huchelewesha saa ya maua na utasoma vibaya. Nenda saa tatu asubuhi, piga picha ya maua yaliyofunguka kwa karibu. Rudi saa tisa alasiri, piga tena. Rudia siku ya pili. Kama asubuhi umeona kijiti cheupe kimoja na vingine vimelala, mti wako ni A. Kama asubuhi ni unga wa njano, ni B.

Mti wa peke yake unaweza kuzaa, nisikudanganye. Kuna muda mfupi wa kubadilishana zamu ambapo maua machache ya kike bado yako wazi na ya kiume yameshaanza, na wadudu wakiwa wengi hilo linatosha kukupa matunda ya kula. Lakini unategemea nafasi nyembamba. Kabla ya kununua mche, chungulia ukutani: mparachichi wa jirani hauna habari na fensi yako. Ukiwa mita kumi au ishirini hivi na ni wa kundi jingine, mwenzi unaye tayari na chanzo kipo kwingine. Ruka uende kwenye nyuki. Ukiwa wa kundi lilelile, au haupo, njia ya mkato kwa kiwanja cha ishirini kwa ishirini ni kubebesha tawi: unachukua kikonyo, yaani kijiti kichanga, cha mti wa kundi linalokosekana unaoujua uzao wake, unakibebesha kwenye tawi moja lenye jua la mti wako. Baada ya miaka miwili mitatu tawi hilo huchanua na kuchavusha mti mzima. Lifunge utepe. Nimeshuhudia kijana wa kupunguza matawi akilikata kwa sababu majani yake "hayafanani na ya wenzake".

Kuchavusha kwa mkono kwa brashi? Inawezekana kwenye tawi la majaribio. Kwa maua laki kadhaa, kafanye kazi nyingine.

Kundi A lipo, kundi B lipo, bado ni maua matupu

Hamia kwa wadudu. Chavua ya mparachichi ni nzito na inanata, upepo hauichukui vya kutosha. Inahitaji miguu. Huko kwao Meksiko na Amerika ya Kati kazi hiyo hufanywa sana na nyuki wadogo wasiouma. Sisi tunao jamaa zao, wale wanaojenga kwenye nyufa za ukuta na mapango ya miembe, wanaotokea kwenye kamrija ka nta. Tunao pia nyuki wa asali wa pwani, nyigu wadogo, na nzi. Usidharau nzi. Wale wanaoelea hewani kama helikopta wakitua kwenye ua wanabeba chavua sawasawa.

Kipimo changu: simama chini ya mti kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, dakika kumi, uzunguke pande zote. Mti wa kimo cha kati wenye nyuki watano mpaka kumi kwa wakati mmoja uko salama. Ukikosa hata mmoja, umeshapata jibu, na kilichobaki ni kujua wamekwenda wapi.

Mara nyingi wamekwenda kwa mwembe. Nyuki hawaupendi sana mparachichi; yakiwapo maua mengine wanayoyafurahia zaidi, wanakuacha. Na hapa Dar miembe mingi huchanua majira hayohayo. Sababu ya pili ni zege. Viwanja vimesakafiwa ukuta hadi ukuta, vichaka vimefyekwa, miti mikavu yenye mapango imeondolewa. Nyuki hana pa kulala wala maji ya kunywa. Ya tatu ni sumu, na hii nitaisema kwa aibu kwa sababu mkosaji nilikuwa mimi.

Kigamboni, kwenye shamba dogo la familia, niliona vithiripi, vidudu vidogo vyembamba, kwenye mashada ya maua. Nikachukua bomba la mgongoni, saa nne asubuhi, jua zuri, maua yako wazi, nikapuliza. Jioni nilifagia nyuki kwa fagio la chelewa. Vithiripi vilirudi baada ya wiki mbili; nyuki hawakurudi msimu ule. Miti sita, matunda manne. Shangazi aliyekuwa akinisifu kwa majirani aliacha kunisifu.

Kwa hiyo: dawa ya wadudu usipulize maua yakiwa wazi. Ukilazimika, subiri magharibi nyuki wakisharudi makwao, na uchague isiyobaki na sumu siku nyingi. Zungumza na jirani pia, na ulizia siku ya kupuliza mbu mtaani.

Mwenye ekari kadhaa huko Mkuranga au Kisarawe anaweza kuweka mizinga, mmoja mpaka mitatu kwa ekari. Ilete maua yakiwa yameanza kufunguka, si mwezi mmoja kabla, la sivyo nyuki watazoea malisho mengine na hutawarudisha. Lakini nyuki wetu ni wakali. Mzinga kwenye kiwanja cha Sinza penye watoto na bodaboda zinazopita ni kutafuta kesi. Mjini nafuu ni wale wasiouma: usizibe nyufa zao kwa saruji, acha gogo kavu kwenye kona, weka sahani ya maji yenye kokoto ili wasizame. Mrehani na mchicha ulioachwa uchanue huwaweka jirani mwaka mzima. Ila mparachichi ukifungua maua, punguza maua ya mrehani, usijitengenezee mshindani mwenyewe.

Vitunda vilishika, vikaanguka vikiwa njegere au gololi

Hapa uchavushaji ulifanyika. Usihangaike na nyuki.

Vya ukubwa wa choroko na njegere kuanguka kwa wingi wiki za kwanza ni mti unajipunguzia mzigo. Vingi havikurutubishwa vizuri. Wasiwasi uje pale vinapofika gololi, vinaendelea kuanguka, na kila tawi linabaki tupu. Hapo naanza na maji. Septemba na Oktoba, kabla vuli haijakaa sawa, ardhi yetu ya kichanga hukauka upesi, na mizizi inayonyonya ya mparachichi iko juujuu, sehemu kubwa ndani ya sentimita 30 za mwanzo. Mtu anamwagilia ndoo nne Jumamosi akikumbuka, kisha anasahau wiki mbili. Mti hutupa matunda kwanza ndipo utupe majani. Mwagilia kidogo kidogo kwa mpangilio, chini ya kivuli chote cha matawi na si kwenye shina, na tandaza majani makavu unene wa kiganja, ukiacha nafasi kuzunguka shina. Majani yaleyale unayoyafagia na kuyachoma kila asubuhi.

Kisha naangalia ncha za mashada. Mashada mengi huishia na chipukizi la majani. Chipukizi likipaa kwa kasi, laini, jekundu-jekundu, wakati vitunda ni vidogo, vinagombania chakula kilekile na chipukizi hushinda. Anayelisha chipukizi ni wewe uliyemwaga samadi ya kuku au yurea maua yalipotokea, ukidhani unausaidia mti. Mti wenye nguvu usiupe naitrojeni kipindi cha maua. Ngoja vitunda vipite gololi.

Ya tatu ni boroni, kirutubisho cha udongoni. Chavua huota mrija mwembamba kushuka hadi kwenye yai la ua, na pasipo boroni mrija huo haukui vizuri. Kichanga kinachooshwa na masika kila mwaka huipoteza kwa urahisi. Dalili ninazozitazama ni matunda yaliyopinda upande mmoja na majani machanga yenye vitundu. Hupuliziwa mara moja, mashada yakiwa bado yamefumba kama koliflawa, kwa kipimo cha kwenye lebo na si kwa kijiko cha kukisia, maana nafasi kati ya boroni ya kutosha na boroni ya sumu ni finyu. Kwa shamba la biashara, peleka majani maabara kwanza.

Na kama unatumia maji ya kisima Kigamboni, Kunduchi au Mbezi Beach, yaonje. Mparachichi ni mdhaifu mno wa chumvi. Ncha za majani ya zamani zikiwa zimeungua kahawia kama zimepitishwa motoni, mti unakunywa chumvi, na matunda hayatakaa hata ufanyeje juu. Vuna maji ya mvua kwenye tangi uyaokoe kwa kipindi cha maua. Ukipanda upya, omba mche uliobebeshwa kwenye shina la aina ya maparachichi ya ukanda wa joto, yale yanayoitwa ya West Indies. Hayo huvumilia chumvi kuliko mengine.

Yamekaa, lakini ni membamba kama vidole, hayana kokwa

Uchavushaji ulianza, kokwa changa likafa, nyama ikaendelea kukua bila mwenyewe. Machache kwenye mti ni kawaida. Yakiwa mengi, jua siku za maua zilikuwa na hali ya hewa mbaya au wadudu walikuwa haba. Yanalika, maganda yake ni laini, na watoto huyagombania.

Mashada yanageuka meusi kabla hayajafunguka

Unga mweupe kama wa ngano kwenye vikonyo ni ubwiri unga. Madoa meusi yanayosambaa baada ya mvua za nje ya msimu ni chule. Dawa ya shaba kabla maua hayajafunguka, na kupunguza matawi ya ndani ili hewa ipite, husaidia miti ya nyumbani. Aliye ufukweni aongeze kusi kwenye orodha ya washukiwa: upepo wenye chumvi huchoma maua ya upande mmoja tu wa mti, ule unaotazama bahari. Panda kizuizi.

Maua mengi kupita yote ya nyuma, majani machache na madogo

Hii picha ikija, simjibu mtu kwa ujumbe, napiga simu. Mti unaokufa mizizi huchanua sana, kana kwamba unaaga. Fukua taratibu sentimita kumi chini ya ukingo wa matawi utafute mizizi myembamba. Mizima ni meupe-krimu. Iliyooza ni meusi na inakatika kama tambi zilizoiva kupita kiasi. Huo ni uozo wa fitofthora, kimelea cha udongoni, ambao hupenda udongo uliotuama maji: mabonde ya Jangwani na Msimbazi, au pale mfereji wa bafuni unapomwagika. Siku mbili tatu za mizizi kuzama zinatosha kuuanza. Toa maji, inua udongo, tandaza, kata maua na sehemu ya matawi ili mti upumue. Wengine hupona. Mwingi niliouona umeshachelewa.

Mwaka huu matenga, mwaka ujao hakuna

Mti umechoka. Hutokea zaidi kwa wanaoacha matunda yaliyokomaa yaning'inie hadi bei ipande sokoni Mabibo; matunda hayo yanakula akiba iliyopaswa kutengeneza maua ya mwaka ujao. Vuna yakikomaa, na mwaka wa neema punguza vitunda vikiwa gololi, tawi kwa tawi.

Miaka mitano na zaidi, haujawahi kuonyesha hata ua

Uliotokana na kokwa unaweza kukuweka miaka mitano, hata kumi na zaidi, kabla ya kuchanua. Uliobebeshwa huanza mwaka wa tatu au wa nne. Kama uliununua wa kubebeshwa, chunguza kovu: mara nyingi kikonyo kilikufa na unachokitunza ni machipukizi yaliyotoka chini yake. Kivuli cha ghorofa la jirani nacho huzuia maua.

Halafu kuna Hass. Muuza miche mmoja kandokando ya barabara aliniuzia kumi nikiwa bado mgeni wa kazi hii, akiapa inazaa popote. Hass ilitokana na mche wa mbegu uliopandwa na tarishi wa posta, Rudolph Hass, huko California, akaisajili hataza yake mwaka 1935. Ni mti unaotaka usiku wa baridi ili utengeneze maua. Njombe na Rungwe wanao usiku huo. Sisi Julai, kilele cha kipupwe chetu, usiku tunashuka nyuzi 18 hivi na tunatafuta blanketi. Hass hauhesabu hiyo kuwa baridi ya maana. Miche yangu ilirefuka kama minazi, majani mazuri ajabu. Mwaka wa sita niliikata ikabaki visiki na kubebesha vikonyo vya mparachichi mmoja mkongwe wa Mbagala usio na jina, unaozaa kila mwaka.

Ukishapitia haya na bado huelewi, muite bwana shamba wa kata, ila usimpelekee picha ya mti mzima uliojaa maua. Miti yote iliyochanua hufanana. Mpe picha ya ua la saa tatu na la saa tisa, za siku mbili. Picha ya vilivyookotwa kwenye kanga, karibu na sarafu ya shilingi 200 ili aone ukubwa. Ncha ya jani la zamani. Mzizi mwembamba uliofukuliwa. Na umwambie umepuliza nini, tarehe gani, saa ngapi, hata kama saa yenyewe ni nne asubuhi.